Kirangozi Asiyefika

Jumatatu, 20 Novemba 2023

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana, na mimi ndiye niliyesema itanyesha. Mashahidi wapo. Mathias, mtani wangu wa miaka thelathini, alibisha, sasa yuko kwake anahangaika kutafuta debe la kukinga maji.

Daftari hili nimepewa na mwanangu Asmahani, binti wa marehemu mdogo wangu Awadhi. Yuko chuo kikuu mwaka wa mwisho, amekuja kukaa kwangu wiki tatu kukusanya hadithi. Hadithi zangu, si za mtu mwingine. Tabora yote hii ina wazee na wasomi, lakini msomi ametoka chuo akaja moja kwa moja kwa Twalibu fundi baiskeli, darasa la saba B. Na ieleweke kwamba B ndiko walikowekwa wenye akili. A waliwekwa watoto wa wakubwa.

Amesema, "Ba'mkubwa, mchana nisimulie mimi, jioni andika humu siku yako ilivyokuwa. Usipambe."

Nimemwambia mimi sijawahi kupamba kitu.

Jumatano, 22 Novemba

Leo nimemsimulia Ngollo. Asiyemjua Ngollo na amjue: ni babu wa babu yangu, kirangozi wa misafara enzi za pembe za ndovu, mtu wa kutangulia mbele ya wapagazi mia tatu, shuka jekundu begani na manyoya kichwani. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Ukimpita kirangozi njiani, jioni unatozwa faini hata kama wewe ndiye mwenye mali.

Nilimpa ile ya pori la Mgunda Mkali. Simba amelala katikati ya njia, wapagazi wametupa mizigo wamepanda miti. Ngollo akamwendea, akamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akamwambia sogea baba, watu wana safari. Simba akasogea. Tena kwa kuona haya akaomba abebe mtumba mmoja, akautua kambini jioni.

Asmahani alikuwa ameiweka simu yake juu ya tandiko la baiskeli ya mteja, inarekodi. Akauliza, "Kisha wakafika pwani?"

"Hiyo hadithi nyingine."

"Basi nisimulie hiyo nyingine."

Nikamwambia kuna mnyororo wa mtu unanisubiri.

Jumamosi, 25 Novemba

Mvua. Pancha sita. Ngollo na chatu wa Ugalla, saa nzima. Asmahani alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano, 29 Novemba

Tumekwaruzana kidogo. Nilikuwa naziba tyubu, yeye amefungua daftari lake.

"Ba'mkubwa, umenipa hadithi kumi na moja. Katika tisa Ngollo halali usiku."

"Analinda msafara."

"Anahesabu mizigo mara tatu kabla ya kuondoka. Anarudi kuangalia kama moto umezimwa. Anahesabu tena."

"Mtu makini."

"Moyo unamwenda mbio wakati mto bado uko mwendo wa siku mbili mbele."

"Hilo umelitoa wapi?"

Akanisikilizisha sauti yangu kwenye simu. Kweli nimesema. Nimesema hata kwamba viganja vilimlowa mkuki ukamteleza. Sikumbuki kuyatia hayo, yamejitia yenyewe.

"Huyu mtu ana wasiwasi," Asmahani akasema. "Ndiyo kazi ninayoandika. Wasiwasi wa mhusika mkuu katika hadithi za kusimuliwa."

Nikamwambia wasiwasi naujua mimi. Ni ule wa marehemu maalim Shomari, aliyekuwa akitawadha mara saba, akifika mlango wa msikiti anaona hajatawadha, anarudi, mpaka watu wanatoka yeye anaingia. Shetani anamnong'oneza mtu sikioni. Ngollo hakuwa na shetani.

"Maalim Shomari alikuwa mwoga?"

"Mwoga? Aliua chatu kwa mchi."

"Haya basi," akasema, akaandika kitu.

Sikuipenda hiyo haya basi.

Jumapili, 3 Desemba

Asmahani anaolewa. Alisubiri nimalize kula ndipo akasema. Kijana anaitwa Abdulatifu, mwalimu wa sekondari huko Kigoma. Ndoa ni Ijumaa ya tarehe mosi Machi, baada ya sala, Ujiji, nyumbani kwa mama yake, Shamila. Baba hana, babu hana, kaka hana. Walii wa kumwozesha ni mimi, ndugu wa baba.

Nilimwambia nitakuja na mbuzi watatu na ngoma mbele, nitaingia Ujiji watu wafunge maduka wasimame barabarani.

"Njoo tu, Ba'mkubwa."

Kisha akiwa anaosha sahani, amenipa mgongo, akasema, "Sheikh anasema ukishindwa unaweza kumpa mtu uwakala, hata kwa simu. Inafaa. Ila mimi nakutaka wewe."

Nani amesema nitashindwa.

Jumapili, 10 Desemba

Ameondoka na basi la asubuhi. Nilimsindikiza mpaka geti la stendi. Ndani sikuingia, kuna matope.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimekaa nimemsimulia yule jogoo wa jirani habari za Ngollo, naye akaondoka katikati.

Anayesoma hapa atauliza mke yuko wapi. Zamda ni dada yake Shamila. Mimi na Awadhi tulioa ndugu wawili wa Ujiji. Mtoto Mungu hakutujalia. Miaka minne iliyopita Zamda alikwenda kumuuguza mama yao. Mama akafariki, arobaini ikapita, Zamda akapiga simu: "Mambo yamekwisha. Njoo unichukue." Ndivyo ilivyo kwetu. Mke akienda kwao akakaa, harudi peke yake kama mzigo uliookotwa njiani. Mume anamfuata, anakaa na wakubwa, anaondoka naye mchana watu wakiona. Nikamwambia wiki ijayo.

Hapa mjini nimewaambia watu nimempumzisha. Wamezoea. Mathias peke yake, na ni Mkatoliki asiyejua hata mila zetu, kila akipita ananiuliza, "Huyo uliyempumzisha hajachoka kupumzika?"

Kanga yake moja iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Siitoi. Inazuia upepo.

Jumatatu, 25 Desemba

Mathias kaniletea asali ya mizinga yake na paja la mbuzi. Kauliza tena. Nimemwambia nenda kasali.

Jumatatu, 1 Januari 2024

Mvua tangu alfajiri. Nimekula asali.

Jumamosi, 6 Januari

Nilikata tiketi ya basi niende nikawasalimie kwanza, nijulishwe kwa wakwe wapya. Sikusafiri. Nilijikwaa mguu wa kushoto pale pale kizingitini. Hata Ngollo akijikwaa kushoto msafara wote unageuka. Ndiyo mila.

Jumamosi, 13 Januari

Sikusafiri. Ndege alilia upande usiofaa.

Jumanne, 16 Januari

Nimekwenda hospitali kupima, maana moyo unakwenda mbio nikikaa tu. Nilijua ni malaria. Daktari, binti mdogo wa miwani, akasema, "Baba, malaria huna. Presha yako nzuri kuliko yangu. Moyo mzima kabisa."

Nikamwambia apime tena.

Jumamosi, 20 Januari

Leo niandike kama ilivyokuwa, maana daftari halina mdomo.

Nilifika stendi kumekucha. Sikujikwaa. Ndege hakulia. Nikaingia, kiti cha dirishani, mfuko magotini. Kondakta akaufunga mlango, na ule mlango ulipogonga ndipo ilipoanza. Viganja vikalowa. Kifua kikawa kama kimezungushiwa mpira wa tyubu na kuna mtu nyuma anavuta, anavuta. Masikio yakaziba. Nilijua nakufa, na nilijua pia kwamba sifi, yote mawili kwa pamoja. Nikapiga bati.

"Shusha."

"Mzee, hata getini hatujatoka."

"Nimesahau dawa."

Mama mmoja mwenye kuku akasema, "Mshusheni, huyu atatufia."

Nikashuka. Nilipokanyaga matope tu, pumzi yote ikarudi. Nikanunua vitumbua viwili nikala nimesimama, mzima kama chuma. Hilo ndilo linaloniudhi. Ungekuwa ugonjwa ungebaki hata mpaka saa nne.

Kijiweni nimesema basi liliharibika.

Jumamosi, 27 Januari

Asmahani kanitumia sura ya tatu ya kazi yake, imepigwa chapa, imekuja na basi ndani ya bahasha ya khaki. Nimesoma kwa kidole, neno kwa neno. Mengine ya kisomi nimeyaruka, ila hapa nimepanakili nisije nikasema sikuona:

"Msimulizi humpa Ngollo ujasiri mwingi palipo na simba, nyoka na mito. Palipo na watu wanaomsubiri, hadithi hukatika. Katika hadithi kumi na moja hakuna hata moja ambamo Ngollo anafika. Wasiwasi wake hautokani na hatari za njiani. Hatari za njiani ndizo zinazompumzisha. Anachokiogopa ni mlango wa mwisho, na macho ya watakaomuuliza alikuwa wapi."

Nikaifunika karatasi hiyo kwa sufuria. Mvua ikanyesha mpaka jioni, hakuja mteja hata mmoja. Nikaifunua.

Jumapili, 28 Januari

Nimefunga duka. Si duka, ni kibanda, lakini nimekifunga.

Mwaka 2004 Awadhi aliugulia Ujiji, kwa wakwe zetu. Zamda alitangulia kwenda kumsaidia dada yake kuuguza. Siku moja alfajiri simu ikapigwa kwa jirani mwenye simu: amefariki. Walisema watazika kesho yake adhuhuri, wananisubiri mimi nimshushe kaburini, maana ndiye kaka. Wajuao dini wanajua maiti hacheleweshwi. Awadhi walimchelewesha kwa ajili yangu.

Treni siku hiyo ilichelewa, ikaondoka asubuhi. Nilipanda. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, mtu wa kubeba baiskeli mbili begani. Baada ya Usoke ule mpira ukaanza kunibana kifua, na ilikuwa mara ya kwanza, sikuujua. Nikafikiri labda ndiyo roho ya Awadhi inanipitia. Tulipofika Urambo mchana nilishuka kununua maji. Nikayanunua. Nikakaa kwenye benchi la stesheni. Filimbi ikapigwa, treni ikaanza kuvuta polepole, polepole kiasi kwamba hata mwenye fimbo angeiwahi. Nikaiangalia. Nikaiangalia mpaka behewa la mwisho.

Ningerudi siku ile ile ingekuwa nafuu. Ningesema nimeshikwa na homa. Lakini mimi ni Twalibu. Nilipanga chumba gesti ya Urambo siku nne, ili siku zitoshe. Siku ya tano nikanunua migebuka mikavu kwa mchuuzi wa sokoni pale pale, samaki wa Kigoma aliyeletwa na treni ile ile niliyoiacha, ilipokuwa inarudi, nikarudi Tabora nikawagawia majirani. Nikawaambia nimetoka kuzika. Waliponiuliza kaburi likoje nikawaambia liko chini ya mwarobaini, linaangalia ziwa. Nikasema nilimshusha kwa mikono hii, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Watu walilia. Mimi pia nililia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Zamda alirudi baada ya arobaini. Siku ya kwanza tu barazani akakuta watu wanamwambia, mumeo alizika vizuri. Alinitazama. Akaingia ndani akanitengenezea chai. Miaka kumi na tano tulikaa pamoja baada ya hapo na hakuniuliza kamwe. Ningependa angeniuliza.

Asmahani alikuwa na miaka mitano baba yake alipokufa. Kila likizo alipokuja kwangu alinitaka nimsimulie namna nilivyomshusha baba. Nilimsimulia. Nafikiri hadithi hiyo nimeisema mara nyingi kuliko zote za Ngollo.

Sasa Ujiji wapo waliochimba lile kaburi, wapo waliosimama juani wakinisubiri. Ndio nitakaokaa nao mkekani siku ya ndoa, na binti katikati yetu.

Jumamosi, 3 Februari

Nimepiga simu nitoe uwakala. Maneno nilikuwa nimeyapanga: mguu umevimba, daktari amekataza, namwakilisha sheikh, Mungu awabariki. Simu ya Asmahani akaipokea Zamda.

"Asmahani yuko jikoni. Sema."

Sikuwa nimesikia sauti yake tangu Idi. Nikasema habari ya mguu.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Unataka kutoa uwakala."

"Inafaa. Sheikh amesema."

 Nikasikia kwa nyuma wanawake wanachambua mchele wanacheka.

"Ukishampata huyo wakili wa kumwozesha mtoto," Zamda akasema, "mtafute na wakili wa kuja kunichukua mimi. Nimechoka kupumzika."

Sijui nani amemfundisha neno hilo. Mathias ana simu.

Alhamisi, 8 Februari

Mvua imepasua mfereji, maji mpaka kibandani. Nilikuwa nazianika karatasi za Asmahani zilizolowa ndipo nikageuza ya mwisho. Nyuma kuna mwandiko wake wa kalamu:

"Ba'mkubwa, uliniambia kwamba siku ya kwanza msafara hauendi mbali. Unapiga kambi karibu tu na mji, pale majogoo wa kwenu bado wanasikika, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua, na aliyeshikwa na woga arudi bila kuchekwa. Nimefikiri sana. Ngollo hakuwahi kwenda Ujiji kwa mkupuo mmoja. Kila siku alikwenda kambi moja."

Niliyasema hayo mimi mwenyewe, mwezi wa kumi na moja, nikiwa nakaza spoku.

Ijumaa, 9 Februari

Nimemwambia Mathias nitakwenda Ujiji kwa baiskeli.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Hamsini na sita."

"Na mvua hii."

"Nitapumzika kila penye paa."

"Basi linakwenda siku moja, Twalibu. Unakaa, unakula karanga, umefika."

Nikamwambia, "Baiskeli haina mlango."

Alikuwa amefungua mdomo wa kucheka. Akaufunga.  Akachukua spana akaanza kunikazia keria, vibaya, nikalazimika kukaza upya.

"Siku ya kwanza," akasema, "utalala kwangu."

Jumamosi, 17 Februari. Kambi ya kwanza, kwa Mathias

Kilomita saba kutoka mlangoni pangu. Nimebeba tyubu tatu, pampu, kanzu ya ndoa ndani ya nailoni, na kanga ya kwenye msumari.

Eustadia, mkewe Mathias, ametupa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, na chai. Mathias akanitoa nje. "Sikiliza. Unawasikia majogoo wa kwenu?"

Nikasikiliza. "Nawasikia."

"Muongo. Mjini kwenu ni pikipiki tupu. Umesahau kitu?"

"Sijasahau."

"Umeshikwa na woga?"

Nikamwambia ndiyo. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo kwa mdomo wangu.

"Basi kalale," akasema. "Kesho ni Mabama tu."

Jumapili, 18 Februari. Mabama

Nimefika. Mpira ulibana mara mbili. Nilishuka, nikashika usukani, nikahesabu spoku za gurudumu la mbele. Zikiisha thelathini na mbili unakuwa umelegea.

Jumatatu, 19 Februari. Usoke

Pancha moja. Nimelala kwa muuza tumbaku mzee. Kaniuliza nakwenda wapi, nikasema Urambo.

Jumanne, 20 Februari. Urambo

Gesti ile imekuwa duka la simu. Benchi la stesheni lipo, au mtoto wake. Nimelikalia kidogo, baiskeli mkononi. Sokoni mama mmoja akaniita, "Mzee, migebuka ya Kigoma hii, mitamu."

Nikamwambia, "Naenda huko huko."

Jumatano, 21 Februari. Urambo

Mvua kutwa. Sikuondoka. Kutoka hapa kurudi nyumbani ni karibu kuliko kwenda mbele, na njia ya kurudi naijua vizuri mno. Siku nne, gesti, migebuka. Nilikaa nimeikamata kengele ya baiskeli kama mtu anayekamata kuku asiruke.

Alhamisi, 22 Februari. Kaliua

Nimeipita Urambo.

Jumamosi, 24 Februari. Nguruka

Miguu imekuwa ya mtu mwingine. Njiani hakuna wa kuongea naye. Miaka yote nilidhani Ngollo alikuwa na wapagazi mia tatu nyuma yake. Mtu anayetangulia haoni mtu, anaona njia tupu. Nimelifikiria hilo kilomita arobaini.

Jumapili, 25 Februari. Malagarasi

Nimevuka daraja kwa miguu, nasukuma. Maji ni mengi, mekundu, yamebeba magogo. Katikati nilisimama nikaona sifi.

Jumatatu, 26 Februari. Uvinza

Nimekula wali na maharage. Wa huku wana chumvi yao.

Jumanne, 27 Februari. Kazuramimba

Kesho ni Ujiji, na baada ya hapo hakuna kambi nyingine.

Jumatano, 28 Februari. Ujiji

Msafara ukifika mji, pembe hupigwa kabla ya kuingia, watu wajue wanaokuja ni wageni na si wezi. Mimi nilipiga kengele. Nilipiga tangu mwanzo wa mtaa.

Zamda alikuwa kibarazani na ungo wa mchele. Amekonda. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, na mimi sikuwepo zilipoanza. Aliitazama baiskeli, tope mpaka kwenye tandiko.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nyumbani."

"Stendi hukuteremka?"

"Sikupanda basi. Nimetoka nayo Tabora."

Akauweka ungo chini. Nilidhani atacheka. Nilikuwa tayari acheke, nilikuwa na maneno ya kujibu.

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili," akasema. Akalirudia tena peke yake, polepole, kama anayehesabu kitu kwenye kanga yake. "Miaka minne, Twalibu. Kumbe ni siku kumi na mbili."

 Akanyanyuka akaenda kunitilia maji ya kuoga.

Alhamisi, 29 Februari

Wazee wawili wa mtaa walikuja kunisalimia asubuhi. Mmoja akanishika mkono muda mrefu akasema, "Wewe ndiye kaka yake Awadhi. Hatimaye."  Hiyo ndiyo siku niliyoikimbia miaka ishirini, na ilikuwa neno moja, na mzee aliyelisema alikuwa anatabasamu.

Kisha nikamwambia Asmahani nataka kwenda makaburini. Tukaenda wawili. Nilipoingia tu macho yakaanza kutafuta mwarobaini. Niliutafuta kweli, kana kwamba nimewahi kuuona. Asmahani akanivuta mkono wa kanzu.

"Si huko, Ba'mkubwa. Hapa hakuna mwarobaini."

Nikasimama.

"Umejua lini?"

"Nikiwa darasa la pili. Nilimuuliza mama mwarobaini uko wapi."

"Na ukaniacha niseme miaka yote hiyo? Kila likizo ukaniambia nisimulie?"

Alikuwa anang'oa majani karibu na ukuta, pale lilipo kaburi, dogo, la udongo, halioni ziwa wala nini.

"Wao waliniambia walimzika haraka, jua lilikuwa kali, wamechoka kusubiri," akasema. "Wewe ulimshusha taratibu. Nilipenda kulala na ile ya kwako."

Akasogea mpaka kwenye lango, akaniacha.

Nilisoma Fatiha. Kisha nikachuchumaa nikamweleza Awadhi. Nilimwambia, nilishukia Urambo, mdogo wangu. Nilinunua maji. Treni ilikwenda polepole na ningeiwahi. Nikamwambia habari ya gesti, siku nne, na habari ya migebuka. Ile ya migebuka niliona aibu kuliko yote, lakini nikamwambia, na nikamtajia mpaka rangi ya kikapu.

Ijumaa, 1 Machi

Nimeozesha. Sauti ilitetemeka mara moja, kwenye jina la baba yake. Nilisubiri, ikapita, nikaendelea.

Jumamosi, 2 Machi

Wageni wameondoka. Zamda anasema tutarudi Tabora baada ya Ramadhani, tukae kwanza wakubwa watuone. Amesema atapanda basi na mimi, nitakaa kiti cha mlangoni, na mlango ukinishinda tutashuka pamoja tule vitumbua. Sijui nitaweza. Hakuniambia nitaweza. Ile kanga nilimpa jana. Ameinusa akasema inanuka grisi, ameifua, iko kwenye kamba.

Mchana huu tumekaa kibarazani, mvua ya rasharasha. Akasema nimhadithie njia. Nikamhadithia kambi kwa kambi: kwa Mathias, Mabama, Usoke, benchi la Urambo, siku ya mvua, daraja. Sikuongeza kitu. Alisikiliza mpaka Kazuramimba, anachambua mchele uliobaki.

"Na simba?"

"Hakukuwa na simba."

Akachambua kidogo.

"Weka mmoja," akasema. "Pale Malagarasi."

Nikamweka.